Kidevu cha Perez

Perez Obiero alikuwa amebakisha pointi mbili. Mbili tu. Upande wa pili wa neti, Nasipwondi Wechuli, bingwa wa miaka miwili mfululizo, alikuwa ameshika kiuno, jasho linamdondoka, na uso wake ulikuwa umeshakubali. Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, kwenye ile klabu ya zamani iliyo njiani kati ya mji wa Kisumu na Dunga, na wanachama waliokuwa barazani walikuwa wameacha chai ipoe wakaja kusimama kando ya waya waone.

Sevu ya kwanza ikaingia kwenye neti. Ya pili nayo neti. Perez akahamia upande mwingine. Ya kwanza ikatoka nje, ya pili neti. Akafuta kiganja kwenye sketi, akavuta pumzi, akajaribu tena. Neti. Neti.

Kwa asiyejua, sevu ni ule mpigo wa kuanzisha. Unarusha mpira juu kwa mkono mmoja, unaupiga kwa raketi ungali hewani, na unapewa nafasi mbili. Ukikosa zote mbili, mwenzako anapata pointi bila kutoa jasho. Katika tenisi nzima ni mpigo huo peke yake ambao hakuna mtu anayekusumbua. Kwa hiyo ukiukosa, huna wa kumlaumu.

Basi pointi tatu zikaenda bure, gemu ikaenda, na baada ya hapo Perez akapoteza mechi nzima. Nasipwondi alipokuja kumpa mkono alimwambia, "Pole, dada. Leo ulikuwa umenimaliza." Alisema kwa moyo safi, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi.

Habari ilifika Dunga kabla yake. Mama yake, Milka, ambaye wanawake wa ufuo humwita Nyar Nyakach kwa sababu ndiko alikozaliwa, alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo anapara magamba ya samaki, ngege wa asubuhi.

"Nimeambiwa umewapa," alisema bila kuinua macho.

"Sikuwapa, Mama. Nilikosa."

"Kukosa mara sita mfululizo, mtoto wangu, hiyo ni kutoa."

Mama akaosha kisu, akakipangusa kwenye leso, kisha akasema lile jambo alilokuwa amelibeba tangu Krismasi. Dada yake Debra, mama mdogo wa Perez, ana kibanda cha samaki wa kukaanga pale Katito, kwenye njia panda ya kwenda Kendu Bay. Miguu yake imevimba, hawezi tena kusimama mbele ya mafuta mchana kutwa. Anamtaka Perez akachukue kibanda.

"Agosti kuna yale mashindano yenu ya kanda," mama alisema. "Anayeshinda kwa wanawake anaingia timu, anaenda Nairobi, na klabu inamlipia mazoezi mwaka mzima. Si ndivyo mnasema?"

"Ndivyo."

"Haya. Ukishinda, sitasema neno. Ukishindwa, unaenda Katito kumsaidia mama yako mdogo. Una miaka ishirini, Perez. Siwezi kumwambia dada yangu angoje mtu ambaye anacheza."

Perez alijua Katito. Kule kuna soko, kuna vumbi, kuna watu wakarimu. Kiwanja cha tenisi hakuna.

Mwalimu wake, Bildad Kahiga, hakusema kitu Jumatatu, wala Jumanne. Alikuwa mzee wa miaka sitini na mitatu, mwembamba, mwenye kaptura nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mstari wake ungekata mkate. Wazazi wake walikuja Kisumu kutoka Murang'a kuuza vitambaa, naye akazaliwa hapa hapa. Akiongea Dholuo wazee wa Dunga wanacheka, lakini wanamwelewa kila neno. Aliingia klabu akiwa na miaka kumi na mmoja, akiokota mipira ya wakubwa. Baadaye akawa anacheza na wanachama waliokosa mwenza, halafu akawa anafundisha. Miaka arobaini na zaidi.

Yeye ndiye aliyemwona Perez. Wakati huo msichana ametoka darasa la nane, karo ya kuendelea haikupatikana, naye alikuwa analeta samaki jikoni kwa klabu kila asubuhi. Akishapokelewa samaki alikuwa anasimama nje ya waya, beseni tupu kichwani, anaangalia watu wakicheza. Anasimama nusu saa nzima bila kutikisika. Siku moja Kahiga akamuuliza kwa mzaha nani atashinda. Perez akajibu, "Yule mfupi. Huyu mrefu kabla hajapiga upande wa kushoto anashusha bega, na mfupi ameshaliona." Kahiga akageuka kutazama. Alikuwa amewafundisha wale wawili miaka sita, na lile bega hakuwa amelitilia maanani. Jioni hiyo alimpa raketi yenye nyuzi zilizofungwafungwa.

Jumatano baada ya Pasaka, saa kumi na mbili asubuhi, Kahiga akatokea Dunga. Mashua zilikuwa zinashusha mbuta, mwewe wanazunguka juu wakingoja matumbo ya samaki, na wanawake walipomwona na kaptura yake ile walianza.

"Yawa, Mwalimu! Leo umepotea njia ama unatafuta bibi?"

"Natafuta makosa yangu," Kahiga akajibu.

"Hayo hatuuzi. Tuko na ngege na omena."

"Mwacheni," akasema mwingine, "amekuja kuosha hiyo kaptura ziwani."

Alicheka nao, akanunua chai ya kikombe cha bati, akaketi juu ya mtungi wa plastiki. Hakumwambia Perez kitu. Alimtazama tu akipokea samaki, akiwapanga kwenye beseni, akikunja kitambaa kuwa kata na kuiweka kichwani, akijitwisha. Perez alipoanza kwenda mjini, mzee akafuata nyuma hatua ishirini, mikono mgongoni, kama mtu wa mazishi.

Walipofika kwenye nyumba moja inayojengwa, fundi aliyekuwa juu ya paa akapiga kelele, "Perez! Sasa?" Perez akaitika, "Poa!" akaendelea na safari yake.

Kahiga akakaza mwendo akamfikia. "Nani huyo amekusalimia?"

"Fundi wa mabati."

"Amevaa shati ya rangi gani?"

"Sijaona."

"Amekuita kwa jina, ukaitika, na hujamwona?"

"Mwalimu, niko na samaki kichwani."

Kahiga akasimama katikati ya njia. Mtu wa baiskeli akampigia kengele na kumzunguka. "Hebu rudia."

"Niko na samaki kichwani! Nikiangalia juu si watamwagika?"

Mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye jiwe la mpaka wa shamba la mtu, akavua kofia akajipepea. Perez alifikiri labda ni malaria.

Klabuni, samaki walipokwisha kupokelewa, alimpeleka kiwanjani akampa mpira mmoja. Raketi akaishika yeye mwenyewe. "Rusha kama unataka kupiga sevu. Usipige. Simama hivyo hivyo." Perez akarusha. "Sasa niambie, kidevu chako kiko wapi?"

Perez akajigusa. Kidevu kilikuwa pale pale kinapokaa siku zote, kimenyooka mbele, kama cha mtu anayevuka barabara na beseni.

"Ulianza kubeba ukiwa na miaka mingapi?"

"Minane."

"Miaka kumi na miwili hiyo shingo imeambiwa isiinuke. Sasa mimi nakuja nasema rusha mpira juu. Mkono unasikia, shingo inakataa. Kwa hivyo unaurusha chini, mbele ya pua, mahali unaweza kuuona bila kuinua uso, halafu unausukuma kama mtu anafunga mlango. Ukiwa huna wasiwasi, shingo inalegea kidogo, mpira unaingia. Ukiogopa, inarudi kazini kwake." Akapiga makofi mara moja. "Na Jumatatu uliogopa."

"Lakini kila mtu anasema ni mkono. Kocha Griffins amesema ni kiwiko."

"Mkono unafanya vile kichwa kimeruhusu. Na usiichukie hiyo shingo, nyathina, mwanangu. Unakimbia pembe hadi pembe na kichwa hakiyumbi. Nimekusifia hiyo miaka minne, sijui imetoka wapi. Kosa ni langu. Nilikufundisha hapa ndani ya waya, sikuwahi kwenda kuona hiyo mwili inashinda ikifanya nini."

Perez hakuwahi kumsikia mtu mzima akisema kosa ni langu kwa sauti ya kawaida hivyo, kama anayetaja saa.

Kuanzia siku hiyo hakupiga sevu hata moja kwa wiki nne. Alirusha mpira na kuudaka. Arusha, ainue kidevu, aone mshono wa mpira, audake. Mara mia mbili asubuhi, mia mbili jioni. Kahiga alisimama kando na njugu mfukoni, na kazi yake ilikuwa neno moja, "Kidevu." Akikosea mguu hasemi. Akikosea bega hasemi. Perez alipouliza mbona hasemi mengine, mzee akamwambia, "Nikikupa mambo manne, utabeba manne mpaka mlangoni, halafu siku ya mechi yote yaanguke. Beba hili moja." Usiku shingo ilikuwa inamuuma mpaka mama anaikanda kwa mafuta ya samaki huku akinung'unika kwamba hakuzaa mtoto ili aangalie mawingu.

Wiki ya tano wakaweka raketi. Kahiga alitaka sevu ya pili iwe kitu kingine kabisa. Mpira urushwe juu sana, karibu juu ya kichwa, na raketi iukwangue kutoka chini kwenda juu, upae, uvuke neti kwa nafasi kubwa, halafu uanguke ghafla ndani ya mstari na kuruka juu mpaka begani kwa mpinzani. Ukiupiga kwa woga unakufa. Ukiupiga kwa nguvu zote ndiyo unaingia. Hilo ndilo Perez hakuweza kulimeza, kwamba nafasi ya mwisho, ile ya kuogopa, ndiyo ya kupiga kwa nguvu zaidi.

Ikawa mbaya. Mipira ilipita juu ya waya ikaangukia kwenye bustani ya sukuma ya mlinzi. Mmoja ulimgonga Perez mwenyewe kichwani. Mwezi wa Juni, katika mashindano madogo ya klabu, alishindwa na Mama Wangechi, mwanachama wa miaka hamsini na minne aliyestaafu benki, anayecheza na bendeji kwenye magoti yote mawili. Mama Wangechi mwenyewe aliona haya. Alimnunulia soda. "Mpenzi, leo si wewe," alisema. "Mimi hata sikukimbia."

Watu wakaanza kusema. Jikoni walimwita Bi Neti, na yule mpishi mnene alikuwa akimwona tu anainamisha kichwa kama mtu anayekwepa mpira.

Griffins alimngoja langoni. Alikuwa kocha kijana anayefundisha watoto wa Milimani, mtaa wa wenye pesa, mtu wa heshima, mwenye cheti na simu kubwa aliyowapiga nayo wachezaji picha za video.

"Perez, sikia. Simsemi vibaya mzee, amenifundisha hata mimi. Lakini umebakisha wiki tano. Hakuna mtu anabadilisha sevu wiki tano kabla ya mashindano. Rudia ile ya zamani. Ilikufikisha pointi mbili kutoka kwa ushindi. Mbili!" Akamwonyesha kwenye simu. "Ona, hapa mpira uliingia. Na hapa. Ilikuwa sawa."

Perez aliitazama ile picha mara tatu. Kweli mipira ilikuwa inaingia. Alitembea mpaka Dunga akiwaza Katito.

Kesho yake alimfuata Kahiga kwenye chumba cha raketi. Alikuwa amejipanga maneno ya heshima, lakini yalitoka mengine.

"Mwalimu, nimeshindwa na mtu wa bendeji."

"Nilikuwepo."

"Mama ananipeleka Katito. Wewe hutapelekwa mahali. Ukikosea, wewe unabaki hapa na njugu zako."

Kahiga akaweka chini raketi aliyokuwa anaifunga nyuzi. Hakukasirika. Akavuta kiti cha pili.

"Ni kweli. Mimi nitabaki, na wewe ndiye utaenda. Kwa hivyo uamuzi ni wako." Akafikicha macho. "Ile ya zamani naijua mpaka mwisho wake. Itakufikisha pale pale, pointi mbili, halafu shingo ishuke. Nasipwondi naye anajua. Ukipiga sevu ya pili anasogea mbele hatua mbili, umeona? Anakuja kula. Hii mpya siwezi kukuahidi. Nimeijenga kwa wachezaji saba. Watano iliwashika. Wawili hapana, na mmoja wao mpaka leo hanisalimii."

"Wale watano iliwashika baada ya muda gani?"

"Kila mmoja alikuja kwa hiki chumba kunifokea. Baada ya hapo, kama wiki tatu."

Perez hakutaka kucheka, lakini alicheka. Akachukua ndoo ya mipira akatoka.

Ilimshika siku ya kumi na tisa. Haikuja kwa kishindo. Alirusha, akauona mpira juu kabisa ukiwa umesimama, kama ungemngoja siku nzima, akaukwangua, ukavuka neti, ukaanguka ndani na kuruka mpaka ukagonga waya wa nyuma juu kuliko kimo cha mtu. Akarudia. Ukaingia. Akarudia. Kahiga alikuwa anatafuna njugu, akaacha kutafuna.

"Sasa tutafute kelele," alisema.

Jumamosi mbili za mwisho kabla ya mashindano, saa tisa mchana, wakati upepo unatoka ziwani na kuvuma kiwanjani bila adabu, aliwaleta wanawake wa Dunga. Kumi na mmoja, na vikapu vyao. Aliwapanga kando ya waya na kuwapa amri moja tu, wasimwonee huruma.

"Perez, mpira uko hapo, si kwa beseni!"

"Huyo mtoto wa Nyar Nyakach anasukuma kama mgonjwa!"

"Katito wanakuita, mama! Mafuta imechemka!"

Hilo la mwisho lilitoka kwa mama yake mwenyewe. Perez alikosa sevu nne. Kahiga akasema, "Kidevu." Ya tano ikaingia. Wanawake wakazidi kupiga kelele, mmoja akapiga sufuria. Ikaingia. Ilipofika Jumamosi ya pili walikuwa wamekauka koo, na msichana anapiga huku anacheka.

Agosti ikafika. Perez akashinda mechi tatu za mwanzo bila shida kubwa, na Jumapili saa tisa akasimama tena mbele ya Nasipwondi Wechuli, kwenye kiwanja kile kile, upepo ule ule wa ziwani ukiinua vumbi jekundu.

Hapa sheria ni ngumu. Mechi ikianza kocha hafungui mdomo, hata kwa ishara. Kahiga aliketi safu ya tatu, mikono juu ya magoti, midomo imefungwa kama mfuko.

Nasipwondi hakuwa amekuja kucheza. Mipira yake ilikuwa inaanguka kwenye mistari. Seti ya kwanza Perez alishikilia mpaka nne kwa nne, halafu akabaki na sevu ya pili katika pointi kubwa, na akaona Nasipwondi anasogea mbele, hatua moja, hatua mbili. Shingo ikaganda. Aliisikia ikiganda. Akaurusha mpira mbele ya pua, akausukuma. Nasipwondi akaula. Seti ikaenda, sita kwa nne.

Akiwa ameketi, taulo usoni, Perez alijiuliza kitu kimoja. Hakujiuliza kama atashinda. Alijiuliza, ile sevu ya zamani imenipa nini leo? Imenipa aibu. Basi hata hii mpya ikinipa aibu, tutakuwa sawa, na angalau nitakuwa nimeona mbingu. Akainuka.

Seti ya pili, mara ya kwanza alipokosa sevu ya kwanza, Nasipwondi akasogea mbele kama kawaida yake. Perez akarusha juu, akainua kidevu, akaukwangua kwa nguvu zote. Mpira ukapanda, ukaanguka, ukaruka. Nasipwondi, aliyekuwa amekaribia sana, aliukuta usawa wa sikio. Akaupiga na fremu ya raketi, ukaenda zake mpaka kwenye paa la jikoni.

"Ehe!" ikasikika sauti ya mpishi. "Bi Neti ameamka!"

Nasipwondi akatazama raketi yake. Mara ya pili alisogea hatua moja tu. Mara ya tatu hakusogea. Kufikia gemu ya sita alikuwa amerudi nyuma karibu na waya, na Perez, ambaye kazi yake tangu utotoni ni kutazama, aliliona hilo na kulielewa: bingwa sasa ndiye anayengoja. Seti ya pili, sita kwa tatu.

Seti ya tatu haikuwa na huruma kwa mtu. Walikimbizana pembe kwa pembe mpaka nyayo zao zikachora kiwanja kizima. Nasipwondi hakuwa bingwa wa kuokota. Alipata njia ya kuiwahi ile sevu kabla haijaruka, akashinda gemu mbili kwa hiyo njia. Perez naye akaanza kuibadilisha, moja kushoto, moja mwilini. Nne kwa nne. Tano kwa nne, Perez anaongoza, na sevu ni yake. Akichukua gemu hii, mechi imekwisha.

Kumi na tano kwa sifuri. Thelathini kwa sifuri. Zimebaki pointi mbili.

Barazani vikombe vikawekwa chini. Kila mtu alikumbuka Pasaka. Mama yake alikuwa ameshika waya kwa vidole vyote kumi, naye, aliyekuwa amepiga kelele nyingi kuliko wote zile Jumamosi, hakuwa na sauti.

Sevu ya kwanza, nje. Ya pili, akarusha, upepo ukausukuma mpira, akaukwangua vibaya. Nje.

"Aaa," watu wakasema kwa pamoja, sauti ile ya chini ya mazishini.

Thelathini kwa kumi na tano. Sevu ya kwanza, neti. Perez akagongesha mpira chini mara tatu. Akarusha, upepo ukaupeleka mbali. Hakuupiga. Akaudaka, akainua mkono kuomba radhi, akarusha tena. Juu kabisa. Ukaingia, wakapigana mipira kumi na mbili, na Nasipwondi akatoa nje ya mstari kwa upana wa kidole. Arobaini kwa kumi na tano.

Nasipwondi akapata inayofuata kwa mpigo mzuri ambao hata Perez aliupigia raketi makofi. Arobaini kwa thelathini.

Sevu ya kwanza, neti.

Sasa ilibaki moja. Perez alisimama upande wa kushoto, mpira mkononi. Wakati huo aligundua jambo, kwamba tangu seti ya pili ianze hakuwa ameangalia hata mara moja mahali alipoketi Mwalimu. Hakujua hata kama bado yupo. Hakuhitaji kujua. Lile neno lilikuwa limehama kutoka mdomo wa mzee, sasa linakaa ndani ya shingo yake mwenyewe.

Akarusha. Kidevu kikapanda bila kuambiwa. Aliuona mpira, mshono wake, manyoya yake yaliyoingia vumbi jekundu, akaupiga kwa nguvu alizokuwa hajawahi kuupa mpira wowote. Ulipaa juu sana mpaka mtu akasema "nje!" kabla haujashuka. Ukashuka kama uliovutwa na kamba. Ukagusa ndani ya mstari kwa nafasi ya kutosha, ukaruka juu na kutoka pembeni, na Nasipwondi akaufuata mkono umenyooka, akaufikia juu ya bega, akaugeuza.

Neti.

Halafu Dunga nzima ikaingia kiwanjani. Wanawake kumi na mmoja na ndala zao juu ya kile kiwanja kilichofagiliwa vizuri, mtunza kiwanja anawafuata akilia, "Viatu! Mama, viatu!" na hakuna aliyemsikia. Walimwinua Perez juu juu, wakamzungusha, wakamwangusha, wakamwinua tena. Nasipwondi alipenya katikati yao, akamkumbatia na kumwambia sikioni, "Hiyo kitu umeitoa wapi? Mwaka ujao utaniambia."

Griffins alikuwa wa kwanza kumfikia Kahiga. Alimpa mkono kwa mikono yake miwili. "Mwalimu, nilimwambia arudi nyuma. Nilikosea kabisa."

"Ulikuwa na sababu," Kahiga akasema. "Wiki zile tano, hata mimi nilikuwa silali." Halafu akashuka zile safu tatu, kaptura yake nyeupe ikaingia katikati ya wanawake, na walipomwona wakamwinua na yeye. Alipiga kelele za Kikuyu, za Dholuo, na za lugha isiyojulikana, miguu inapiga hewa.

Pembeni, karibu na kiti cha mwamuzi, Milka alikuwa na simu sikioni, ameziba sikio la pili kwa kiganja.

"Debra! Debra, unanisikia? ... Hapana, hakuna mtu amekufa, hiyo ni furaha! ... Nasema haji! ... Perez! Haji Katito! Anaenda Nairobi na timu! ... Sasa mimi nitajua aje nani atakaanga? Tafuta mtoto wa jirani! Huyu wangu ana kazi!"

Perez alimsikia kutoka juu ya mabega ya watu. Aliinamisha uso amtazame mama yake, na mama, machozi na kicheko vikiwa vimemchanganyikia usoni, akampungia ile simu kama mtu anayepunga bendera.